Kilio cha Vijana Katika Sinema ya Kihindi

Sinema ya Kihindi imekuwa ikisimulia mapenzi ya vijana yanayovunjwa na wazazi tangu ilipoanza kusema, na kwa sehemu kubwa imeyasimulia kwa melodrama: sauti hupandishwa, macho hutolewa, mikono huinuliwa juu, na muziki huingia kabla chozi halijadondoka. Wapo wanaoona kwamba uigizaji huo wa kutia chumvi unamharibia hadithi yake kijana aliyevunjika moyo, kwa kuwa kijana wa kweli hujifungia chumbani akanyamaza. Malalamiko hayo yana haki yake, lakini filamu zenyewe, zikitazamwa kwa mfuatano wa miaka, zinaonyesha kwamba melodrama na moyo wa ujana vinapatana vizuri pale kazi inapogawanywa. Katika filamu zilizodumu, kishindo walipewa wazee na nyimbo, na vijana wakaachiwa sauti ya chini.

Mtindo huo ulizaliwa jukwaani. Katika miaka ya 1850 Waparsi wa Bombay walianza kuunda vikundi vya tamthilia vilivyosafiri mji hadi mji vikiigiza kwa Kigujarati na Kiurdu, na baadaye vingine vikavuka bahari hadi Burma na Singapore. Kipaza sauti hakikuwapo. Mwigizaji alipaswa kusikika na kueleweka hadi benchi la mwisho, mbele ya watu ambao mara nyingi hawakuwa na lugha moja, kwa hiyo huzuni ilibebwa na kifua, mikono na wimbo. Hadithi za Laila na Majnun, au Shirin na Farhad, zilikuwa mtaji wa vikundi hivyo: wapenzi wachanga, familia zinazokataa, kisha kifo. Ardeshir Irani alipotoa Alam Ara tarehe 14 Machi 1931, filamu ya kwanza ya India yenye sauti, hadithi yake ilitoka kwenye tamthilia ya Kiparsi na ilikuwa na nyimbo saba. Miongoni mwa waigizaji wake alikuwamo Prithviraj Kapoor, kijana wa miaka 24, ambaye ukoo wake ungetawala hadithi hii kwa nusu karne.

Upinzani wa kwanza dhidi ya uigizaji wa jukwaani ulikuja na Devdas, riwaya ya Sarat Chandra Chattopadhyay iliyochapishwa mwaka 1917. Ni hadithi ya mvulana na jirani yake Parvati waliokua pamoja, wakatenganishwa na kiburi cha familia, mvulana akaishia kwenye pombe na kifo. Mwaka 1935 P. C. Barua aliigiza Devdas wa Kibengali kwa sauti iliyokaribia mazungumzo ya kawaida. Miaka ishirini baadaye Bimal Roy, ambaye alikuwa mpiga picha wa Barua, aliitengeneza upya kwa Kihindi akiwa na Dilip Kumar. Kumar alitumia ukimya. Alisema maneno nusu, akageuza uso pale ambapo mwigizaji wa jukwaani angeuelekeza kwa watazamaji. Majukumu ya aina hiyo yalimlemea hata akashauriwa na daktari achukue filamu nyepesi, naye akafanya hivyo katika Azaad ya 1955 na Kohinoor ya 1960.

Mitindo hiyo miwili ilikutana uso kwa uso katika Mughal-e-Azam ya K. Asif, mwaka 1960. Prithviraj Kapoor ni Mfalme Akbar, Dilip Kumar ni Salim, mwanawe anayempenda mchezaji ngoma Anarkali. Akbar hunguruma, kila sentensi yake ni amri iliyotungwa kusikika uani. Salim humjibu kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua. Anarkali, ambaye si mtu wa kumjibu mfalme, hupewa wimbo, akauimba katika ukumbi wa vioo huku taswira yake ikimzunguka Akbar kutoka kila upande wa dari. Hapa mgawanyo wa kazi umekamilika: mamlaka yana kelele, mpenzi ana utulivu, na lile lisilosemeka limeimbwa. Salim si kijana wa shule, lakini filamu nyingi za vijana zilizofuata zimejengwa juu ya mpango huu.

Chumvi hiyo ilikuwa na kazi nje ya India pia. Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki picha za Kihindi zilipata watazamaji ambao wengi wao hawakujua Kihindi. Unguja, ukumbi wa Royal uliofunguliwa mwaka 1921 uliungua, ukajengwa upya, na mwaka 1955 ukafunguliwa kwa jina la Majestic. Awara ya Raj Kapoor, ya 1951, ilikuwa miongoni mwa picha ambazo watu walirudi kuzitazama tena na tena. Kwa mtazamaji asiyelijua hata neno moja, mkono ulioinuliwa na mgongo uliogeuzwa vilikuwa ndiyo tafsiri, na chumvi iliyowachosha wahakiki ilikuwa na kazi ileile iliyokuwa nayo mbele ya benchi la mwisho. Mahadhi ya filamu hizo yakahamia kwenye taarab, na Juma Bhalo wa Mombasa akapata sifa kwa kuimba mashairi ya Kiswahili juu yake. Enzi ya mikanda ya video, wasimulizi kama Lufufu wa Tanzania walisema kwa Kiswahili juu ya sauti ya filamu, wakiongeza maelezo na hisia ambazo mwigizaji mwenyewe hakuzitamka.

Filamu iliyowafanya vijana wenyewe kuwa kiini ni Bobby, ya mwaka 1973. Raj Kapoor, mwana wa Prithviraj, alikuwa amepata hasara kubwa na Mera Naam Joker ya 1970, na hakuwa na fedha za kumlipa nyota. Akamchukua mwanawe Rishi, na msichana asiyejulikana, Dimple Kapadia, aliyekuwa na miaka 16 filamu ilipotoka. Raja ni mtoto wa tajiri Mhindu. Bobby ni binti wa Jack Braganza, mvuvi Mkristo kutoka Goa. Wanapoonana kwa mara ya kwanza, Raja yuko mlangoni na Bobby ametoka jikoni, mikono imejaa unga wa dengu uliokorogwa. Anazisukuma nywele zilizomwangukia usoni, na unga unabaki kichwani. Hakuna anayetoa machozi wala kupaza sauti. Tendo lile dogo la msichana asiyejua kwamba anatazamwa limekumbukwa kuliko hotuba zote za filamu ile.

Hotuba zipo, na ni za wazazi. Pran, akiwa baba tajiri, anatoa fedha ili Bobby aachane na mwanawe. Premnath, akiwa Braganza, analipuka kwa hasira ya maskini aliyetukanwa nyumbani kwake. Wawili hao wanaigiza kwa nguvu zote za jukwaa la zamani, na inafaa, kwa sababu kwa kijana aliyekatazwa wazazi huonekana hivyo hasa, wakubwa kupita kiasi. Sauti za nyimbo nazo zilichaguliwa kwa makini. Rishi aliimbiwa na Shailendra Singh, mwimbaji mpya wa rika lake. Dimple aliimbiwa na Lata Mangeshkar, aliyekuwa na miaka 44. Udhaifu unakuja mwishoni, vijana wanapojitosa majini na kila baba akamwokoa mtoto wa mwenzake. Upatanisho huo ni wa haraka mno. Unawasamehe wazee kabla hawajajutia lolote.

Ek Duuje Ke Liye ya K. Balachander, mwaka 1981, haikumsamehe mtu. Vasu, aliyeigizwa na Kamal Haasan, ni Mtamil. Sapna, aliyeigizwa na Rati Agnihotri, anatoka familia ya jirani inayosema Kihindi, na Vasu hakijui Kihindi. Wazazi wanawawekea sharti la kukaa mwaka mzima bila kuonana wala kuandikiana. Mama yake Sapna anaichoma picha ya Vasu mbele ya binti yake. Sapna anachukua majivu, anayakoroga kwenye chai, anakunywa huku akimtazama mama. Tendo limepita kiasi, lakini Agnihotri analifanya bila haraka na bila kelele, na utulivu wake unalifanya liaminike: ukaidi wa msichana asiyebakiwa na kitu kingine cha kufanya. Filamu inaishia kwa vifo vya wapenzi wote wawili, na baadaye zilisikika taarifa za vijana waliojiua kwa kuiga. Lawama ilistahili kuupata mwisho ule, kwa sababu ulikipamba kifo kama ushindi. Chai ya majivu haikuwa na kosa hilo.

Mwaka 1988 Qayamat Se Qayamat Tak ya Mansoor Khan iliuendeleza mgawanyo wa kazi kwa waigizaji ambao bado hawakuwa na majina makubwa. Aamir Khan na Juhi Chawla, Raj na Rashmi, wanazungumza kwa aibu na kukatizana, kama wanafunzi. Uhasama wa koo mbili, bunduki na viapo viko kwa baba na wajomba. Wapenzi wanapotorokea porini na kujaribu kuanzisha maisha, filamu inawaacha wahangaike na kupika na kuni, na janga la mwisho linaumiza kwa sababu mtazamaji amekwisha kuwazoea kama watoto wa watu.

Nagraj Manjule aliitia hadithi hiyohiyo ndani ya matabaka ya kijiji cha Maharashtra katika Sairat, filamu ya Kimarathi ya 2016. Rinku Rajguru, aliyezaliwa mwaka 2001, hakuwahi kuigiza filamu kabla yake. Nusu ya kwanza ina kila pambo la melodrama, pamoja na muziki wa Ajay-Atul wenye okestra kubwa, na ni halali, kwani ndivyo wapenzi wa filamu hiyo, Archi na Parshya, wanavyouona ulimwengu wakiwa wamependana. Nusu ya pili inaondoa mapambo moja baada ya jingine: chumba cha kupanga kwenye mtaa wa mabanda, kazi kiwandani, ugomvi wa wivu. Ndugu za msichana wanapofika, mauaji hayaonyeshwi na sauti yote inakatwa. Dhadak, toleo la Kihindi la 2018, lilihamisha hadithi hadi Udaipur na kulitaja suala la tabaka kwa mbali sana. Janhvi Kapoor na Ishaan Khatter wanalia kwa bidii, baadhi ya nyimbo ni zilezile, lakini ukuta waliopaswa kuugonga umeondolewa, na kilio kinabaki bila mahali pa kuangukia.