Sala Inayosikika Nyumbani: Mwanamume Mkristo na Uamsho wa Afrika Mashariki

Mafundisho mengi ya kanisani humchora mwanamume Mkristo kama kuhani wa nyumba yake: ndiye afunguaye sala, awaombeaye mke na watoto, kisha akaifunga. Picha hiyo humpa kazi ya kutaja dhambi za wengine bila kumtaka ataje zake mbele yao. Makala haya yanadai kwamba sala humjenga mwanamume pale inapomvua kinga ya cheo chake, yaani pale wanaomtegemea wanapomsikia akitubu na kupata haki ya kumdai matunda ya toba hiyo.

Ushahidi ulio karibu nasi ni Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu la toba ndani ya kanisa. Mganda Simeoni Nsibambi na daktari mmisionari Joe Church walikutana Kampala mwaka 1929 na kusoma Biblia pamoja. Miaka ya 1930 moto ukawaka katika kituo cha Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Kiini chake kilikuwa ushirika. Humo waume waliungama mbele ya wake zao, na wamisionari mbele ya Waafrika. Aliyeiba alitarajiwa kurudisha. Huko ndiko kulikoitwa kutembea nuruni. Wakubwa wa kanisa hawakuchelewa kuona hatari yake: mwaka 1941 wanafunzi 26 wa Chuo cha Bishop Tucker, Mukono, akiwamo William Nagenda, walifukuzwa baada ya kukaidi amri iliyozuia mikutano yao ya sala ya alfajiri. Sala ya kimoyomoyo isingemkosesha usingizi mkuu wa chuo yeyote.

Kuna atakayetaja Mathayo 6, ambapo Yesu anaagiza kuingia chumbani na kufunga mlango. Ila anayekemewa pale ni asaliye ili asifiwe, na mume anayekiri kwa mkewe kwamba pesa za chakula alizinywea pombe hatafuti sifa. Ni kweli kwamba ungamo nalo linaweza kukaririwa hadi likawa cheo kipya; ndiyo maana kipimo ni deni lililolipwa, si machozi.

Pingamizi zito zaidi ni Rwanda yenyewe. Nchi iliyoulea Uamsho ndiyo iliyoona mauaji ya kimbari ya 1994, na miongoni mwa wauaji walikuwamo waumini. Kwangu, hilo linaonyesha ufinyu wa kilichoungamwa. Ulevi, uzinzi na wizi vilizoeleka kutajwa katika ushirika. Chuki ya kikabila na utii kwa watawala, mara nyingi, havikuguswa. Mtu aliweza kuwa wazi kwa mkewe ilhali jirani wa kabila jingine hana pa kumdai lolote. Lakini mipaka hiyo haikuwa ya lazima. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda, aliyeokoka katika Uamsho huo huo mwaka 1948, aliungana na maaskofu wenzake kumwandikia Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji na uonevu wa askari wake, akauawa Februari 1977. Katika sala ya mtu kama huyo, waliodhulumiwa na dola walikuwa na madai sawa na ya watu wa nyumbani mwake.