Asili ya Biashara ya Mitumba na Heshima ya Wanaoifanya

Wanachama na wazee wetu, miongoni mwetu wako wauzaji wa nguo za mitumba, wako mafundi wa cherehani, na wako jamaa ambao wazee wao walilima pamba. Kila mara jambo la mitumba litajwapo, hao watatu hutazamana kwa shaka. Tena wako wanaozidharau nguo hizo kwa jina lao la zamani, kafa Ulaya, yaani nguo za Mzungu aliyekufa. Kwa sababu hiyo tumeona vyema kueleza hapa asili ya biashara hii, ili tushaurianapo tushauriane kwa kujua.

Kwanza yafaa ifahamike kwamba nguo hizi si nguo za maiti, wala biashara yenyewe haikuanzia kwetu. Katika mji wa London, katikati ya karne ya 19, walikuwako watu waliopita mlango hata mlango wakinunua nguo kuukuu. Wengine walilipa fedha, na wengine walibadilishana kwa vikombe na sahani. Kisha walizipeleka Houndsditch, palipokuwa na soko maalumu la nguo hizo, wakaziuza kwa wenye maduka na kwa mafundi wa kuzitengeneza. Henry Mayhew aliyaeleza hayo katika kitabu chake juu ya maskini wa London, mwaka 1851. Hata matambara hayakutupwa. Tangu mwaka 1813 Benjamin Law wa mji wa Batley alikuwa amepata njia ya kuchambua matambara ya sufu na kuyasokota upya kuwa nyuzi.

Huko Marekani, katika mji wa Boston, mchungaji Edgar J. Helms alianza kazi yake mwaka 1902. Alikusanya vitu vilivyotumika kutoka nyumba za matajiri, akawaajiri maskini kuvitengeneza, na vikauzwa kwa bei nafuu. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa chama cha Goodwill. Hata leo katika nchi hizo mwenye nguo asizozihitaji aweza kuzitoa bure kwa chama cha hisani, au kuziuza kwa duka la nguo zilizovaliwa, ambalo huchagua zilizo nzuri na kukataa nyingine. Zisizonunuliwa dukani huuzwa kwa uzito kwa wafanyabiashara wakubwa. Hao huzichambua, huzikaza kwa mashine kuwa marobota, na kuzipakia melini. Basi atakayesema kwamba tumepewa sadaka amekosea. Aliyeitoa nguo huenda aliitoa bure, lakini tangu hapo imeuzwa mara nyingi kabla ya kushushwa Mombasa, na kila mkono umetwaa faida yake.

Katika nchi yetu, wazee wanayakumbuka makabuti ya askari yaliyovaliwa na walinzi wa usiku na wachungaji wa nyanda za baridi. Baada ya uhuru Serikali iliyazuia sana mavazi ya namna hii yasiingie, ili viwanda vyetu vipate kukua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 milango ya biashara ilifunguliwa, na marobota yakaingia kwa wingi. Kwa kuwa mzigo uliofungwa huitwa mtumba, nguo zenyewe zikaitwa mitumba. Masoko ya Gikomba na Toi katika Nairobi, na Kongowea katika Mombasa, yakawa mashuhuri kwa biashara hiyo.

Lakini tazameni hatari ilivyogawanywa. Mchuuzi hununua robota la kilo 45 hivi, nalo limefungwa, asijue lililomo. Akilifungua na kukuta nguo bora, ziitwazo kamera, amepata karo ya watoto. Akikuta zilizochakaa, ziitwazo fagia, hasara ni yake peke yake. Na moto haumwachi: Gikomba imeungua mara nyingi, na moto wa Juni 2018 uliua watu wasiopungua 15.

Upande wa pili usisahauliwe. Tulikuwa na viwanda vya nguo vya kujivunia, kama Kicomi ya Kisumu na Rivatex ya Eldoret. Kicomi ilifungwa. Rivatex nayo ilisimama, hata Chuo Kikuu cha Moi kikainunua mwaka 2007. Si haki kuwatwika wachuuzi lawama yote, maana uongozi mbaya, gharama za umeme, malipo ya wakulima yaliyocheleweshwa, na nguo mpya za bei rahisi kutoka ng'ambo vilichangia pia. Hata hivyo mkulima aliyeng'oa pamba yake ana haki ya kusikilizwa.

Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba kidogo kidogo. Wafanyabiashara wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, na mwaka 2017 Kenya ikajitoa katika azimio hilo. Rwanda ilishikilia kodi yake, na mwaka 2018 mavazi yake yakaondolewa nafuu ya kuingia Marekani bila ushuru. Mwaka 2020, kwa ajili ya maradhi ya korona, Kenya ilizuia mitumba tangu Machi hata Agosti. Katika miezi hiyo ilionekana wazi ni nyumba ngapi zinazokula kwa kazi hii.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri makalio. Ni kweli, lakini nguo ya mtumba haikuazimwa. Imenunuliwa kwa jasho. Kwa hiyo twawasihi wazee wasiwadharau wauzaji wake. Nao wauzaji twawashauri wanunue marobota kwa ushirika, ili hasara ya mmoja igawanywe kwa wengi, na waweke akiba kwa siku ya moto. Wampelekee fundi wa jirani nguo za kupunguza na kushona upya, naye apate riziki. Na siku pamba yetu itakaporudi kusokotwa hapa nchini, na tuwe wa kwanza kuinunua.