Mali Bila Daftari: Kuuza Vipande vya Ndege za Kihistoria

Likizo ya mwisho kabla sijaanza chuo nilikuwa nikiwakalimania wageni mjini Kamembe, wilayani Rusizi. Siku moja mchuuzi wa vitu vya kale alifunua kitambaa akamwonyesha mgeni wangu kipande cha alumini chenye ukubwa wa kiganja. Kilikuwa na rangi nyeupe iliyobabuka na matundu matatu ya ribiti ukingoni.

"Mdogo wangu, mwambie hiki ni cha ile ndege ya rais," alisema. "Askari mmoja alikivusha hapa mwaka 1994."

"Kaka, una hakika?"

"Wewe tafsiri tu."

Nilitafsiri. Mgeni akanunua, nami nikapewa faranga 2,000.

Insha hii imetokana na faranga hizo. Nataka kujibu maswali mawili. Kwanza, tunajuaje kwamba kipande cha ndege ya kihistoria ni cha kweli? Pili, kikiwa cha kweli, nani ana haki ya kukiuza?

Ndege aliyoitaja mchuuzi ni Falcon 50 iliyotunguliwa kwa kombora jioni ya tarehe 6 Aprili 1994 ilipokuwa ikikaribia kutua Kigali kutoka Dar es Salaam. Watu wote 12 waliokuwamo walikufa, wakiwemo marais wawili, Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Cyprien Ntaryamira wa Burundi, pamoja na marubani na fundi wao, Wafaransa watatu. Mabaki yaliangukia kwenye makazi yenyewe ya Habyarimana, Kanombe. Leo nyumba ile ni makumbusho, na mabaki yangali pale yalipoanguka, karibu na ukuta wa bustani.

Nianze kwa kukiri kwamba biashara ya vipande vya ndege si haramu kwa asili yake. Kampuni ya Aviationtag ya Ujerumani hukata ngozi ya ndege zilizostaafu na kuzigeuza vibao vidogo vya kuning'iniza kwenye funguo au begi. Kila kibao huandikwa aina ya ndege na namba yake ya usajili. Ndege imezeeka, mwenye nayo ameiuza kwa hiari, na karatasi zinaonyesha ilivyotoka mkono hadi mkono. Mnunuzi akitilia shaka, ana pa kuuliza.

Mchuuzi wa Kamembe hakuwa na karatasi, alikuwa na hadithi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika biashara hii mambo hugeuka: mali isiyo na daftari hujitungia habari. Na habari ile haikuwa ya kipuuzi. Ni kweli kwamba katikati ya mwaka 1994 maelfu ya watu, wakiwemo askari wa jeshi lililoshindwa, walipita Cyangugu na kuvuka mto Rusizi kwenda Bukavu. Uongo ulikuwa umepandwa kwenye udongo wa kweli, ndiyo maana ulimea.

Je, chuma chenyewe hakiwezi kusema? Kinaweza, lakini si sana. Fundi akikagua alumini, rangi na ribiti anaweza kutambua kwamba kipande ni cha ndege. Kikiwa na namba ya kiwandani, huenda akajua aina ya ndege. Lakini kipande cha kiganja kisicho na namba hakiwezi kutaja ndege moja kati ya nyingi. Na katika ukanda wetu wa ziwa Kivu mabaki ya ndege si haba: mjini Goma peke yake, ndege zilianguka kwenye makazi ya watu mwaka 2008 na tena mwaka 2019.

Hata taasisi kubwa zimewahi kukosea juu ya ndege hii hii. Mwaka 2004 ilibainika kwamba kisanduku cheusi kilichopelekwa New York kutoka Kigali mwaka 1994 kilikuwa kimekaa miaka yote hiyo ndani ya kabati la faili la Umoja wa Mataifa. Magazeti yakaandika kwamba hatimaye ukweli umepatikana. Kilipochunguzwa, ilielekea kwamba hakikutoka kwenye Falcon ile. Kama kisanduku kilichopita mikononi mwa maofisa kilipoteza daftari lake, sembuse kipande kilichofungwa kwenye kitambaa sokoni?

Sasa tuseme kipande kile kilikuwa cha kweli. Hapo tatizo linazidi, kwa sababu mabaki ya Kanombe ni ushahidi. Mwaka 2006 jaji wa Ufaransa, Jean-Louis Bruguière, alitoa hati za kukamatwa kwa watu wa karibu wa Rais Paul Kagame bila yeye mwenyewe kufika Rwanda. Waliomrithi, Marc Trévidic na Nathalie Poux, walikuja na wataalamu mwezi Septemba 2010. Walipima ardhi na kuyakagua mabaki. Ripoti yao ya Januari 2012 ilieleza kwamba kombora lilipiga chini ya bawa la kushoto na kulipua mafuta, na kwamba mahali palipoelekea zaidi kuwa liliporushiwa ni eneo la kambi ya Kanombe, iliyokuwa ya jeshi la serikali ya wakati ule. Mabati yale yalisaidia kubadili mwelekeo wa kesi miaka 16 baada ya tukio. Anayebandua kipande akakiuza anamziba mdomo shahidi kabla mahakama za kesho hazijamuuliza.

Zaidi ya hayo, pale walikufa watu. Uingereza ina sheria ya mwaka 1986 inayokataza kuchokoa bila kibali mabaki ya ndege za kijeshi, hata zile zilizoanguka zamani, kwa sababu mengi ni makaburi. Heshima hiyo haihitaji tuwapende waliokufa. Inahitaji tu tukubali kwamba mahali pa kifo si ghala la bidhaa.

Lakini kilichonisumbua zaidi ni maneno niliyoyatafsiri mwishoni, baada ya mgeni kusitasita: "Mwambie ndicho kilichoanzisha mauaji." Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi hayakuanzishwa na ndege. Redio RTLM ilikuwa ikieneza chuki tangu mwaka 1993. Tarehe 11 Januari 1994 Jenerali Roméo Dallaire aliiandikia New York juu ya silaha zilizofichwa na Watutsi waliokuwa wakiorodheshwa. Anayesema kwamba yote yalitokana na hasira ya usiku mmoja anawafutia hatia waliojiandaa kwa miezi. Uongo huo nami niliutia Kiingereza kizuri.

Wapo watakaosema kwamba mchuuzi alitafuta chakula cha watoto wake, na kwamba hata makumbusho hutoza kiingilio. Hoja ya kwanza naiheshimu, kwa kuwa mimi pia nilichukua hela. Lakini vikapu na vinyago huuzwa Kamembe bila kumdanganya mtu. Kuhusu ya pili, makumbusho huuza nafasi ya kutazama. Kitu hubaki mahali pake, na mtu wa kesho anaweza kuja, akakitazama na kupinga maelezo aliyopewa. Kikiuzwa, hata nafasi ya kupinga inaondoka nacho.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: kipande cha ndege kiuzwe pale tu ambapo mwenye ndege anajulikana, karatasi zipo, na hakikutoka mahali pa vifo au pa uchunguzi. Kikikosa sharti moja, kisiuzwe. Nasi wakalimani na waongoza wageni tujizoeze kusema "hakuna uthibitisho" kwa kila lugha tunayoijua.

Desemba iliyopita nilimkuta mchuuzi yule palepale. Alikuwa na vipande viwili vingine, kimoja cha kijani. Aliponiita nimsaidie, nikamwambia, "Kaka, nitasema ni alumini, na kwamba haijulikani ilikotoka."

"Kwa maneno hayo nani atanunua?"

Sikuwa na la kumjibu. Niliondoka nikimfikiria mgeni wangu wa kwanza. Sikuwahi kuandika anwani yake. Huko aliko, huenda kipande kile kipo kwenye kabati la sebule, na kila anapokionyesha anarudia maneno yangu.