Utu

Utu ni fikra ya kimaadili inayompima mtu kwa tabia na matendo yake, si kwa nasaba, mali wala cheo. Mkondo wa Ulaya unaofanana nao, wa wanazuoni kama Petrarca na Erasmus, ulitoka katika vitabu vya kale vya Kilatini na Kigiriki. Utu wa Waswahili umetoka zaidi katika methali, dini na ujirani.

Ujiji: utu na uungwana

Ujiji ulikuwa mji wa misafara hata kabla wapelelezi Waingereza Burton na Speke hawajafika Februari 1858. Pembe za ndovu na watumwa walivushwa kutoka Umanyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Sifa iliyotafutwa mjini humo ilikuwa uungwana: kanzu, sala, Kiswahili safi. Ulikuwa uungwana wenye mlango wazi, kwani hata wapagazi na askari wa misafara, wengi wao wakiwa watumwa wa matajiri wa Pwani, walijiita waungwana wakiwa bara. Hata hivyo uungwana hauna maana bila mshenzi wa kulinganishwa naye. Utu haumhitaji.

Julai 1871 mmisionari David Livingstone alishuhudia mauaji ya kinyama katika soko la Nyangwe, Umanyema: mamia ya watu, wengi wao wanawake, walipigwa risasi na watu wa misafara au walizama katika mto Lualaba. Alirudi Ujiji akiwa hoi, na hapo ndipo mwandishi wa habari Stanley alipomkuta. Habari za Nyangwe zilipofika Uingereza ziliongeza shinikizo lililomfanya Sultani Barghash afunge soko la watumwa la Unguja Juni 1873. Wasimulizi hupenda zaidi mkutano ule wa Stanley na Livingstone chini ya mwembe. Nyangwe, iliyomrudisha Livingstone Ujiji, hutajwa kwa nadra.

Fasihi

Shaaban Robert (1909–1962) ndiye mwandishi mkuu wa utu. Katika riwaya yake Kusadikika (1951), Karama anashtakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria, naye anajitetea kwa visa vya wajumbe 6 walioitumikia nchi yao wakaishia kifungoni.

Siasa

Julius Nyerere, rais wa kwanza wa Tanzania, aliufanya utu kuwa msingi wa siasa yake ya Ujamaa (1962).

Hali ya sasa

Utu hupimwa pia kwa namna mgeni anavyopokewa. Mkoa wa Kigoma, ulipo mji wa Ujiji, umepokea wakimbizi wa Burundi tangu 1972. Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ilifunguliwa 1996 kwa Wakongo. Kwa kuwapokea wakimbizi, Nyerere alipewa Tuzo ya Nansen mwaka 1983. Wengi wa wakimbizi wa 1972 waligawiwa mashamba Katumba, Mishamo na Ulyankulu, jembe mkononi kama inavyotaka methali "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe"; waliofuata wamewekwa kambini, wakila mgao.