Cheti ni Mali ya Nani?

Kabla ya mabaraza ya mitihani kuwapo, mwanafunzi wa elimu ya dini katika mwambao wa Afrika Mashariki alithibitishwa na mwalimu wake. Uthibitisho huo uliitwa ijaza. Mwalimu alimruhusu mwanafunzi kukisomesha kitabu alichokisoma kwake, na mara nyingi aliitaja silsila ya waliopokezana kitabu hicho. Sayyid Ahmad bin Sumeit (1861–1925), aliyezaliwa Ngazija akaja kuwa kadhi wa Unguja, aliishi katika ulimwengu huo ambamo wanazuoni walisafiri hadi Hadhramaut kutafuta elimu na kurejea na idhini za masheikh wao. Ijaza ilitolewa na mtu kwa mtu, na aliyepewa aliondoka nayo. Uzito wake ulitegemea kujulikana kwa majina yaliyomo.

Ukoloni ulileta utaratibu mwingine. Wanafunzi wa sekondari walitahiniwa na Cambridge, na uthibitisho ukahama kutoka kwa mwalimu kwenda katika sajili ya ofisi iliyokuwa ng'ambo. Baada ya uhuru liliundwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, mwaka 1967. Tanzania ilijitoa mwaka 1971 na kuunda baraza lake kwa sheria ya 1973. Kenya ikapata lake mwaka 1980. Ofisi zilisogea karibu na nyumbani, lakini muundo ulibaki uleule: mwanafunzi alishika karatasi, ofisi ikashika ukweli.

Muundo huo una manufaa yake. Aprili 2017, uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma nchini Tanzania ulitoa orodha ya watu 9,932 waliokuwa na vyeti vya kughushi. Kazi hiyo isingewezekana bila kumbukumbu za baraza. Lakini una madhara pia. Nchini Kenya shule zilizoea kuzuia vyeti vya wahitimu waliodaiwa karo, hata sheria ya baraza la mitihani ya mwaka 2012 ikakataza mtu au taasisi yoyote kumnyima mtahiniwa cheti chake. Aliyefaulu akakosa karatasi hakuwa na cha kumwonyesha mwajiri. Naye aliyehamia Muscat au London huweza kuwa na karatasi mkononi, asisadikiwe mpaka ofisi ya nyumbani ijibu barua.

Ni pengo hilo ambalo hati za kidijitali zilikusudia kuliziba. Chuo Kikuu cha Nicosia, Kupro, kilianza mwaka 2014 kusajili vyeti katika daftari la umma la Bitcoin. Mwaka 2017 MIT ya Marekani iliwapa wahitimu 111, kwa majaribio, shahada za kuhifadhiwa katika simu zao. Chuo hutia saini faili la shahada, kisha alama ya utambulisho wake, bila maelezo ya mhitimu, huandikwa katika daftari hilo. Mhitimu humtumia faili amtakaye, na mpokeaji huweza kulilinganisha na alama hiyo bila kukiandikia chuo barua.

Hapo hati imerudi mikononi mwa aliyeisomea, kama ijaza ilivyokuwa. Hata swali la zamani limerudi: saini ni ya nani, na nani anamjua? Daftari huthibitisha kwamba faili halikubadilishwa; halithibitishi kwamba aliyelitoa ni mwalimu wa kweli. Na mhitimu akipoteza faili lake, huenda akalazimika kurudi kuomba katika ofisi ileile.

Zaidi ya hayo, umiliki huu huanza baada ya hati kutolewa. Shule iliyoweza kufungia karatasi kabatini kwa sababu ya deni la karo yaweza pia kukataa kulitia faili saini. Simu humpa mhitimu uhuru wa kutembea na alichokwisha kupewa. Haki ya kupewa bado hulindwa na sheria kama ile ya 2012, na na watu walio tayari kuitekeleza.