Bidhaa ya Kibali

Chini ya milima ya Uluguru, upande wa mashariki, katika msitu wa Kimboza uliomea juu ya mawe ya chokaa, huishi mjusi mdogo asiyetimia urefu wa sentimita 10, ambaye dume lake lina rangi ya feruzi safi, na ambaye maskani yake ni majani ya mikadi. Rangi hiyo ndiyo iliyomponza. Kwani katika miaka iliyofuata 2004 alikamatwa kwa maelfu, mikadi ikikatwa ili ashushwe, kisha akauzwa ng'ambo kwa wapenzi wa kufuga wanyama majumbani, na matangazo yake yakaenea katika masoko ya mtandaoni. Mwaka 2016, mjini Johannesburg, nchi wanachama wa mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, yaani CITES, zilimwingiza katika Kiambatisho cha Kwanza, na amri hiyo ikaanza kazi Januari 2017.

Nimemtaja mjusi huyu kwa sababu ya neno. Masoko hayo ya mtandaoni yana fungu la bidhaa ambazo muuzaji hawezi kuzitangaza apendavyo, na mara nyingi nimeona fungu hilo likifasiriwa kwa Kiswahili "bidhaa marufuku". Tafsiri hiyo naiona ina kasoro kubwa. Marufuku ni mlango uliokomelewa. Fungu hili ni mlango wenye bawabu. Hata mjusi wetu ni shahidi: aliyetolewa Kimboza haruhusiwi kabisa kuingia katika biashara ya kimataifa, ilhali mwenziwe aliyezaliwa kizimbani huko Ulaya yamkini akauzwa kwa hati ithibitishayo asili yake. Umbo ni moja na rangi ni moja, na kinachowatenga ni karatasi.

Kwa hiyo napendekeza tuseme "bidhaa ya kibali". Kibali ni ndugu wa kukubali, na neno hilo humkumbusha msikiaji kwamba yuko mtu wa kuombwa, na kwamba ombi huenda likakataliwa. "Marufuku" tuliachie lile ambalo halina wa kuombwa.

Na yule anayekosea katika kutangaza bidhaa hizo, tusiharakie kumwita mvunja sheria. Kiswahili kina kukiuka, ambako asili yake ni kupitisha mguu juu ya kitu kilicholala njiani, jambo awezalo kulifanya hata asiyekiona. Ukiukaji wa namna hii ndio umpatao aghalabu muuzaji mwaminifu, ambaye huamka asubuhi akakuta tangazo lake limeondolewa na akaunti yake imefungwa, asijue alikanyaga wapi.

Mfikirie mkulima wa Kinole au Matombo, huko huko Uluguru, mwenye mdalasini, karafuu na pilipili manga, anayetaka kumpelekea mnunuzi wa mbali miche au mbegu pamoja na viungo vyake. Miche hutakiwa iwe na cheti cha afya ya mimea, ambacho kwetu hutolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Viungo vikavu navyo hufuata sheria ya nchi vinakokwenda. Mkulima huyu akiambiwa mzigo wake ni bidhaa marufuku, ataurudisha ghalani na kuuza kwa mchuuzi wa kwanza apitaye. Akiambiwa ni bidhaa ya kibali, atauliza ofisi iko wapi na ada ni kiasi gani.