Programu za Kutengeneza Kompyuta na Kasoro Zake, kwa Mfano wa Kibaha na Kisarawe

Wilaya za Kibaha na Kisarawe zimepakana na Dar es Salaam, ya kwanza ikiwa katika barabara iendayo Morogoro, ya pili nyuma ya vilima vya Pugu. Ujirani huo ndio uliozifikisha kompyuta katika maduka na nyumba za wilaya hizo, na pamoja nazo zikaja programu zidaizo kutengeneza kompyuta bila ya msaada wa fundi. Desturi ya fundi wa cherehani au wa baiskeli ni kuuliza kwanza: chombo kimeharibika lini, na mwenyewe alikuwa akikitumia kwa kazi gani? Programu hizi hazina desturi hiyo. Makala haya yataeleza jinsi zilivyoanza na jinsi zilivyokosea, na yataonyesha kwamba makosa yake, ingawa ni mengi, yana asili moja.

Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka wa 1965. Kazi ya kuhamishia hesabu za serikali katika mashine ilileta matatizo na gharama kubwa, hata mwaka wa 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Marufuku hayo yalilegezwa kidogo kidogo katika miaka iliyofuata. Basi, wakati watu wa Marekani na Ulaya walipokuwa wakizizoea kompyuta za nyumbani na kupata hasara zake za kwanza, Watanzania wengi hawakuwa wamepata nafasi ya kuigusa hata moja. Zilipofika Mailimoja, Mlandizi na Kisarawe mjini, nyingi zilikuwa za mtumba, na programu zilizokuwamo zilikwisha kupitwa na wakati.

Chanzo cha programu za kutengeneza chaweza kuwekwa mwaka wa 1982, Peter Norton alipoanza kuuza Norton Utilities, ambazo ziliweza kurudisha faili lililofutwa kwa bahati mbaya. Ili kufahamu kazi yake, yafaa kujua kwamba diski huhifadhi faili vipande vipande, na kuna jedwali lionyeshalo kipande kipi hufuata kipi. Umeme ukikatika kabla jedwali halijamaliza kuandikwa, vipande hubaki bila mwenyewe. Mfumo wa MS-DOS ulikuwa na programu iitwayo CHKDSK, ambayo iliviokota vipande hivyo na kuvipa majina kama FILE0000.CHK. Lakini katika toleo la 5.0 la mwaka 1991 programu hiyo yenyewe ilikuwa na kosa: jedwali la diski likifikia ukubwa fulani, iliviharibu vitu vilivyokuwa vizima. Mwaka huo huo kampuni ya Microsoft ililazimika kutoa toleo lililosahihishwa. Mwenye kupata hasara alikuwa yule yule mwangalifu aliyetaka kuhakikisha kwamba diski yake ni salama.

Kosa la pili lahusu majina, na kwa hiyo lawahusu sana watu wa lugha. Hadi mwaka wa 1995 jina la faili katika MS-DOS halikuweza kuzidi herufi nane, na herufi tatu za kuonyesha aina yake. Windows 95 iliruhusu majina marefu, lakini iliyaficha katika nafasi za diski ambazo programu za zamani hazikuzitambua. Programu hizo, zilipozikuta nafasi hizo, zilizihesabu kuwa ni uharibifu na kuzifuta. Tuchukue mfano wa mwalimu mwenye mafaili mawili, moja liitwalo “Orodha ya wanafunzi Maneromango” na la pili “Orodha ya wanafunzi Mlandizi”. Baada ya matengenezo, la kwanza lingebaki kuwa ORODHA~1 na la pili ORODHA~2. Jina la Maneromango la Kisarawe na jina la Mlandizi la Kibaha yote mawili yametoweka, na programu imetangaza kuwa diski sasa haina kasoro. Yaliyomo katika faili hayakupotea. Lililopotea ni lile ambalo mwenyewe alilitumia kuyatafuta.

Katika jambo hili asili ya makosa yote yadhihirika. Programu hupewa kanuni za kitu kilicho sawa, na kila kisichoafiki kanuni hizo hukihesabu kuwa kibovu. Haina nafasi ya tatu, yaani ya kitu kilicho kizima ambacho yenyewe haikijui.

Wengine walidhani kwamba shida ya watumiaji wa Afrika Mashariki ilikuwa ni Kiingereza tu. Hapana shaka kwamba lugha ilikuwa kizuizi, na juhudi za kuleta Kiswahili katika kompyuta zastahili sifa. Mwaka wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika mradi uliotoa Jambo OpenOffice, na baadaye Microsoft nayo ikatoa sura ya Kiswahili ya Windows. Lakini CHKDSK ilipokuta vipande vilivyotengana na jedwali, ilimwuliza mtumiaji kama minyororo iliyopotea igeuzwe kuwa mafaili. Swali hilo limekwisha kuwa la Kiswahili hapa, na bado karani wa Mzenga hawezi kulijibu, kwa sababu halimwambii ni faili gani, wala atapata hasara gani akikataa. Swali la namna hiyo humtwika mwenye kompyuta lawama bila kumpa maarifa.

Kasoro nyingine yatokana na umeme. Waliobuni programu hizi walidhani kwamba umeme haukatiki mara kwa mara. Windows za miaka ya mwisho ya 1990 zilianzisha ukaguzi wa diski zenyewe kila kompyuta ilipozimika vibaya. Katika nchi iliyopata mgao mkali wa umeme mwaka wa 2006 na tena mwaka wa 2011, ukaguzi huo uliweza kukatizwa katikati, na matengenezo yaliyokatizwa huacha maradhi mapya juu ya yale ya zamani. Wakati huo huo virusi vilisafiri kwa flashi kutoka steshenari moja hadi nyingine. Baadhi yake vilificha folda za mtu na kuweka njia za mkato mahali pake. Programu ya kuua virusi ilifuta njia hizo, ikatangaza ushindi, na kuziacha folda zikiwa bado zimefichwa. Mwenyewe akiona flashi ni tupu aliifomati, na hapo ndipo mali yake ilipopotea kweli.

Nchi kubwa nazo hazikuokoka. Windows Me ya mwaka 2000 ilileta njia ya kuirudisha kompyuta katika hali yake ya awali, lakini kwa kosa la tarehe, kumbukumbu zilizowekwa baada ya tarehe 8 Septemba 2001 hazikuweza kutumika mpaka kosa hilo liliposahihishwa. Tarehe 21 Aprili 2010 programu ya McAfee ililiona faili halali la Windows XP kuwa ni kirusi, na kompyuta nyingi duniani zikawa zikijizima na kujiwasha bila kukoma. Mwaka wa 2019 kampuni za Office Depot na Support.com zilikubali kulipa jumla ya dola milioni 35 nchini Marekani, kwa sababu ya kipimo kilichotangaza dalili za virusi kwa kufuata majibu ya mteja mwanzoni, wala si kwa kufuata yaliyoonekana katika kompyuta.

Dawa iliyofaa zaidi haikutokana na kutengeneza. Mfumo wa diski uitwao NTFS, uliozifikia kompyuta nyingi za nyumbani kwa Windows XP ya mwaka 2001, huandika kwanza mabadiliko unayokusudia kuyafanya katika jedwali lake, kisha huyafanya. Umeme ukikatika, husoma maandishi yake na kurudi pale palipo salama. Lakini flashi nyingi bado hutumia mifumo isiyo na daftari la namna hiyo, na ndizo zinazobeba mitihani, mihutasari ya vijiji na hesabu za maduka.

Fundi mwangalifu hufanya jambo moja kabla ya yote: huinakili diski nzima mahali pengine, kisha hujaribu dawa zake juu ya nakala. Akikosea, asili ipo. Programu itakayofanya hivyo, itakayotaja faili kwa jina lake katika lugha ya mwenyewe, na itakayosimama na kuuliza inapokutana na kitu isichokijua, itakuwa imeifuata desturi ya fundi. Zile zisizofanya hivyo zisiachwe peke yake na orodha ya wanafunzi wa Maneromango.